Siku ya Kumi na Nne

Mwangaluka, akaniambia; nikajibu mwangaluka,
nikakaa juu ya jiwe alilonipangusia kwa kanga.
Kilima cha Bugarika kilikwishaanza kazi:
ko, ko, ko, nyundo hamsini zisizopatana,
na ziwa kule chini, kimya, kama halihusiki.

Swali la kwanza. Je, una maumivu ya mgongo wa chini?
Nkwimba akaiacha nyundo hewani.
"Wa chini? Kwani ninayo mingapi?"
Nikamwonyesha kwa mkono, juu ya shati langu mwenyewe.
"Aa. Kiuno! Mbona hukusema kiuno?"
Walioidhinisha tafsiri waliliogopa neno hilo,
lina ngoma ndani yake, lina kitanda;
wakaandika mgongo wa chini, wakagonga muhuri.

Swali la nne. Je, maumivu yanakuzuia kukaa
kwenye kiti unachokipenda?
Akalitazama jiwe lake, akalipapasa.
"Nimelizoea. Kupenda ni neno kubwa."

Swali la tisa. Sifuri hadi kumi:
sifuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu
makali kuliko yote unayoweza kuyawaza.
Akawaza.
"Pamoja na kuzaa?"
Pamoja na kuzaa.
"Pamoja na kuzika?"
Hapo mwongozo wa msaili haukuwa na ukurasa.
"Basi andika saba."
Nikaandika saba.

Siku ya kumi na nne nikarudi, kama utaratibu unavyotaka:
mtu yuleyule, maswali yaleyale, saa ileile,
tujue kama karatasi inakumbuka ilichoambiwa.
Sifuri hadi kumi?
"Nne."
Mama, wiki mbili zilizopita ulisema saba.
"Wiki mbili zilizopita lori lilikuwa halijaja.
Kokoto zimelala hapa mwezi mzima,
Masalu karudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango.
Juzi tajiri kapakia, kalipa taslimu. Nimelala usingizi.
Andika nne."

Ofisini Daktari Rweyongeza akapiga mstari mwekundu.
"Huyu anatushushia uthabiti wa dodoso," akasema,
kwa upole, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele.
Simlaumu. Mizani inayoyumba
hata wauza dagaa wa Kirumba wanaikataa.
Namba lazima isimame. Isiposimama
hatutajua dawa ipi imesaidia na ipi imepita tu,
wala hakuna mkubwa atakayesadiki
kwamba kilima kizima kinaumwa kiuno.

Mara ya tatu nilipanda nje ya utaratibu,
kuufuata mwavuli niliousahau.
Nyuma ya jiwe lake, upande usiopigwa na mvua,
nikaona mistari ya mkaa, mafungu kwa mafungu.
Kila mstari debe moja.
Siku kiuno kinaponyamaza, tisa.
Siku kinaposema, tano.
Siku moja, miwili tu, na duara pembeni.
"Na hili duara?"
"Siku hiyo sikuinuka. Kabula alinivuta
kama unavyomvuta ng'ombe matopeni."
Ilianza mwezi wa tatu. Jumapili aliweka nukta.
Siku niliyoandika saba, mistari sita.
Siku niliyoandika nne, mistari sita.

Dodoso langu halina kisanduku cha debe.
Nikainakili mistari yote kwenye jalada la nyuma,
mahali ambapo hakuna atakayepasoma.

Wiki tatu za kuinamia karatasi juu ya mawe ya watu
zimeniachia kitu hapa, juu kidogo ya mkanda.
Usiku, chumbani kwangu Nyakato, nikajaza fomu tupu
kwa jina langu: tatu.
Asubuhi, kabla ya chai, nikajaza nyingine
bila kuchungulia ile ya kwanza: sita.
Sikuwa nimepasua hata jiwe moja.

Nikachukua kipande cha mkaa jikoni,
nikasimama mbele ya ukuta wa mwenye nyumba,
mkono juu,
nisijue debe langu mimi ni nini.